Wenyeji wa Msitu na Shauri la Tabia ya Nchi

Mtu atakaye kutengeneza paa la nyumba humwuliza kwanza yule alalaye ndani, maana ndiye ajuaye mahali panapovuja. Siku hizi serikali nyingi zatunga sera za kukabili mabadiliko ya tabia ya nchi. Je, wenyeji wa asili huulizwa? Na tutazame habari za Waogiek wa Kenya.

Waogiek ni watu wa msitu wa Mau, utokamo mto Mara na mito mingine. Tangu kale huwinda na kufuga nyuki. Mwezi wa Oktoba 2009 walipewa siku 30 watoke, kwa kuwa msitu hauna budi kuhifadhiwa. Shauri lao likafika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ilihukumu kwamba hifadhi haikuwa sababu ya haki ya kuwafukuza; walioharibu msitu hasa ni wavamizi wengine, pamoja na serikali yenyewe kwa kugawa ardhi na kuruhusu miti ikatwe. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia, ardhi yao ipimwe na kuandikwa kuwa mali yao wote pamoja, tena waulizwe, kwa kufuata desturi zao, juu ya kazi yo yote ya maendeleo au ya hifadhi humo.

Kabla ya hukumu hizo, Sheria ya Mabadiliko ya Tabia ya Nchi ya 2016 ilikuwa imeweka katika baraza la taifa, ambalo Rais ni mwenyekiti wake, kiti kimoja cha jamii zilizotengwa, kwa mtu mwenye maarifa ya asili. Jambo hilo ni jema. Walakini mwezi wa Novemba 2023 Waogiek waliondolewa tena katika Mau, na nyumba zao zikabomolewa.

Basi twajifunza mambo mawili. Kwanza, kupewa kiti si kusikilizwa. Mtu aulizwe kabla shauri halijakatwa. Pili, maarifa hayatengwi na mahali pake. Mfuga nyuki akiisha kuondolewa msituni, mwanawe atajifunzia wapi?

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani waliouharibu msitu wa Mau, na ni nani walioadhibiwa?
2. Katika kijiji chetu, ni nani wasioulizwa miti na maji yanapofanyiwa shauri?