Mwacheni Mama Ndege: Somo kutoka Bonde la Manonga



Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 tunakuta amri ndogo: ukiona kiota chenye makinda, waweza kuwachukua makinda, lakini mama yao umwache aende. Amri hii haikatazi kutumia, inakataza kumaliza. Tuisome tukiwa hapa Mhunze, tukitazama kusini, ambako mto Manonga unaelekea mbuga za Wembere na Ziwa Kitangiri.

Mbuga hizo ni kiota kikubwa. Mvua zikizijaza, yangeyange, kwarara na korongo huzaliana kwa makundi kwenye miti na matete yaliyozungukwa na maji. Maji hayo huwazuia wanyama wala makinda, na huleta samaki na vyura wa kuwalisha. Mvua ikichelewa, au ikimwagika kwa siku chache kisha ikakatika, maji hukauka kabla makinda hayajaweza kuruka. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapowaumiza.

Mkono wetu nao unaongeza mzigo. Kwanza, matete yanafyekwa kupisha mpunga, na ukame huwasukuma wafugaji bondeni. Pili, kwelea kwelea wanapovamia mpunga na mtama, hunyunyiziwa sumu wakiwa wamelala. Hasara ya mkulima ni ya kweli, lakini sumu haichagui: mwewe, bundi na korongo wanaokula mizoga ya kwelea hudhurika pia. Tatu, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, zebaki ya wachimbaji wadogo ikifika majini huingia kwa samaki, kisha kwa ndege na kwa watu wanaowala.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wa Mungu, ndiyo maana aliumba vingi na tofauti. Kwa hiyo, aina moja ya ndege ikitoweka, tunapoteza njia mojawapo ya kumfahamu Muumba. Papa Fransisko naye, katika Laudato Si' (2015), namba 39, anataja hasara ya kugeuza ardhioevu kuwa mashamba.

Tunaanzia wapi? Wazee wetu Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliifufua Shinyanga. Miti ikarudi, na ndege wakarudi. Ngitili haikumnyima ng'ombe majani; ilimpangia wakati. Bondeni nako tunahitaji ngitili ya maji: matete ya kando ya mto yasiguswe hadi makinda yaruke. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Shamba letu liko hatua ngapi kutoka mtoni?
2. Ni "mama" gani tunayemchukua pamoja na makinda yake?