Uwanja wa Kijiji: Tupime Kwanza, Tucheze Baadaye



Siku ya mechi watu huja uwanjani kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Timu ya wageni huletwa na gari. Je, vyombo hivyo vyote hukaa wapi? Mara nyingi hukaa popote. Gari moja liko nyuma ya goli, jingine liko chini ya mwembe walipokaa watoto. Wiki hii dereva anaegesha kando ya uwanja wa netiboli. Wiki ijayo anaegesha ndani yake. Mwisho akina dada wanaambiwa, "Ninyi nendeni mkachezee shuleni." Kumbe uwanja umekwisha kuliwa, wala hakuna aliyeuchukua!

Sisi tunasema hivi: gari lisipopewa mahali pake, litachukua mahali pa mtu. Basi leo tutumie kusoma, kuandika na kuhesabu kwetu kupanga uwanja. Haya, chukua daftari na kalamu.

Eneo linalotakiwa

Watu wengi husema ekari mbili zinatosha. Tusibishane, tupige hesabu. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047. Ekari mbili ni 8,094.

Uwanja wa mpira wa miguu huwa na urefu wa mita 90 hadi 120, na upana wa mita 45 hadi 90. Sisi tuchague mita 100 kwa 64. Kila upande tuongeze mita 3, mchezaji asije akajigonga kwenye mti au kwa watazamaji. Tunapata 106 kwa 70, yaani mita za mraba 7,420.

Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Tukiongeza mita 3 kila upande, tuseme 37 kwa 22. Hiyo ni 814.

Sasa vyombo. Gari dogo moja lipewe upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Magari 10 tuyapange safu mbili za magari matano matano, na katikati tuache njia ya mita 6 ya kugeuzia. Tunapata mita 12.5 kwa 16, yaani 200. Pikipiki 20, kila moja mita 1 kwa 2.5, zinataka 50. Baiskeli 40, kila moja sentimita 60 kwa mita 2, zinataka 48.

Jumlisha: 7,420 + 814 + 200 + 50 + 48 = 8,532.

Umeona? Ekari mbili zimepungua kwa mita za mraba 438. Na hapo hatujahesabu watazamaji, miti wala choo. Wakipewa ekari mbili, lazima kitu kimoja kitaachwa, na sote tunajua ni kipi kitakachoachwa. Basi tuombe ekari tatu. Zitabaki mita za mraba 3,609 kwa mambo hayo mengine.

Mahali pa kila kitu

Magoli yawe kaskazini na kusini. Mechi nyingi ni za jioni, na golikipa anayetazama magharibi hupigwa na jua machoni.

Magari yakae karibu na barabara, penye mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Gari lisikatize uwanja wala njia ya watoto. Yasikae nyuma ya magoli, maana mpira ukipiga kioo ugomvi unaanza. Kati ya magari na uwanja tupande michongoma, au tupange mawe makubwa. Tuache pengo moja tu la gari la kubebea mgonjwa, na mtu yeyote asiegeshe hapo hata kwa dakika moja.

Ardhi iwe na mteremko mdogo ili maji ya mvua yatoke. Maji ya juu tuyazuie kwa mfereji.

Jinsi ya kupima

Tusipime kwa hatua, maana hatua za watu hazilingani. Tutumie kamba iliyopimwa kwa futikamba. Kupata pembe iliyonyooka, toka kwenye kigingi cha pembeni pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili pawe mita 5 kamili. Zikizidi au zikipungua, sogeza kamba. Mwisho pima toka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, na uwanja umenyooka. Kwa uwanja wetu wa 106 kwa 70, kila mshazari ni karibu mita 127.

Tuandike

Vigingi huoza, na wazee wanaokumbuka mipaka hufariki. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali kwanza. Mkutano huo ni wetu sote. Twende, tupeleke ramani yetu, tudai vipimo viandikwe katika muhtasari: mpira, netiboli na mahali pa vyombo. Siku mtu akija kusema, "Hapa pako wazi tu, nijenge kibanda," tutafungua muhtasari tumsomee. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi

1. Magari 16 yakipangwa safu mbili za manane manane, na njia ya mita 6 katikati, yanataka eneo gani?
2. Uwanja wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Ongeza mita 3 kila upande. Eneo lake ni nini? Je, utaenea katika zile 3,609?
3. Andika sentensi tatu utakazozisoma Mkutanoni kutetea uwanja wa netiboli.

Majibu: (1) mita za mraba 320. (2) mita za mraba 360, utaenea. La tatu someaneni na mwenzako.