Somo: Kwa nini kusoma lugha tunayoisema tayari?

Tuseme msichana wa Lukafu amepata diploma ya Serikali. Anataka kwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi kusoma lugha na fasihi za Kiafrika. Baba anakataa: "Mwanangu, Kiswahili unakijua tangu kunyonya. Niuze mihogo ukajifunze nini?" Jamaa iliyokimbia vita haina pesa ya kuchezea. Swali lake ni la haki.

Tuangalie jambo moja ambalo mwanafunzi hukutana nalo mapema: ngeli. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, watu ni bantu, vitu ni bintu. Silabi moja tu inatenga mtu na kitu.

Sasa kumbukeni miaka ya 1991 hadi 1993. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa Union Minière na wa reli, waliitwa bilulu, ndiyo kusema wadudu. Kisha wakafukuzwa. Likasi na Kolwezi walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa. Neno lilitangulia. Lilimtoa jirani katika ba- likamtia katika bi-. Kweli, tunasema pia viongozi na vijana, lakini husema "viongozi wamefika", si "vimefika"; sarufi yenyewe inakumbuka kwamba hao ni watu. Aliyezoea kuchunguza maneno husikia hatari mapema, kwenye redio au mkutanoni, kabla mawe hayajarushwa.

Na fasihi? Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mwaka 1990 Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliichapisha kama kitabu akisaidiwa na Kalundi Mango. Bila watu wa lugha, karatasi zile zingebaki kwa wachache. Je, habari za waliokimbia Mitwaba miaka ya 2005 na 2006 zitaandikwa na nani, kwa maneno yao wenyewe?

Wala si sisi peke yetu. Nchini Uzbekistan, mwaka 2016, mji wa Tashkent ulipata chuo kikuu kizima cha lugha na fasihi ya Kiuzbeki. Kina jina la mshairi Navoi, ambaye mwaka 1499 aliitetea lugha ya kwao wakati wasomi walipendelea Kiajemi. Kwetu wasomi wanapendelea Kifaransa, ingawa Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai. Ndiyo, lugha ya wale walioitwa bilulu imesimama sawa na yetu.

Baba asidanganywe lakini. Masomo yenyewe hufundishwa kwa Kifaransa, kazi si nyingi (ualimu, redio, kutafsiri), na kodi ya chumba Lubumbashi hailipwi kwa mashairi. Ahesabu vizuri kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Ninyi mliofika hapa mkikimbia, wenyeji waliwaita jina gani? Ninyi wenyeji, mlilitoa wapi jina hilo?

Kuna mzee kwenu anayeweza kusimulia safari ya kukimbia? Ni kijana gani ataiandika, na kwa lugha gani?