Kurejesha Kumbukumbu Baada ya Diski Kuharibika

Mangapwani ni kijiji cha pwani ya magharibi ya Unguja, kaskazini mwa Mji Mkongwe. Upepo wa bahari, wenye chumvi na unyevu, huingia katika kila nyumba na kula chuma polepole. Ichukuliwe kwamba karani wa skuli moja ya huko amehifadhi alama za wanafunzi wa miaka sita katika kompyuta moja. Asubuhi moja anaiwasha. Inagonga ta-ta-ta, kisha kimya. Mlangoni amesimama kijana anayetaka matokeo yake apate kuomba kazi.

Ndani ya diski ya sumaku mna visahani vizungukavyo, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kisomacho hupita juu ya kisahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikigusa, hukwaruza, na yaliyoandikwa hapo hupotea. Kwa hiyo mlio ule ukisikika, yafaa mashine izimwe mara moja. Kuiwasha tena na tena kwa kubahatisha huzidisha makovu.

Karani huyu alikwisha kuweka nakala katika kile kiitwacho wingu. Jina hilo hupoteza watu, kwani hakuna kitu angani: nakala imo katika diski nyingine, ndani ya majumba ya kompyuta ambayo mara nyingi yako ng'ambo, na hufikiwa kwa nyaya za baharini. Diski mpya ikishafungwa na programu za msingi kuwekwa, hutakiwa neno la siri. Hapa wengi hukwama, maana neno lenyewe walilihifadhi katika diski ileile iliyokufa. Karani aliliandika daftarini.

Sasa huja hesabu. Nakala yote ni gigabaiti 200, na intaneti ya skuli hupitisha megabiti 8 kwa sekunde. Kila baiti ni biti 8. Basi kazi itachukua sekunde 200,000, yaani zaidi ya saa 55. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo ni picha na video za sherehe. Alama zote ni megabaiti 40, na hizo huteremka kwa sekunde 40 tu. Mwenye busara huanza na hizo.

Njia nayo huweza kuziba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota vibaya nchini Tanzania. Nakala zilikuwa salama, ila hazikufikika kwa urahisi. Ndiyo maana nakala ya pili, katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini mbali na unyevu, haijapitwa na wakati.

Karani anafungua faili la darasa moja na kulilinganisha na rejista ya karatasi. Alama zinaafikiana. Kijana anapewa matokeo yake kabla ya adhuhuri. Picha za sherehe zitaendelea kuteremka hadi keshokutwa.