Kuku Mgeni na Kamba Yake

Wazee walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Na kweli ndivyo ilivyo, kwani anunuaye kuku gulioni humfunga kamba mara afikapo nyumbani, asije akatoroka. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo. Tulinunua tembe wawili, mmoja mweusi na mmoja kishingo, tukawafunga kwenye kigingi katikati ya ua saa sita ya mchana, mbele ya mitetea wetu saba, kisha tukarudi kazini. Tuliporejea jioni yule mweusi alikuwa amelala ubavu, kichwa chake kimejaa damu, na wale saba wangali wakimdonoa. Usiku ule akafa. Mama watoto alisema neno moja tu: "Bwana, umemfunga miguu, naye angekimbiaje?" Tuliona haya sana. Tangu siku ile tukaanza kuzitazama desturi za kuku kwa makini, na kusoma yaliyoandikwa juu yao.

Watu wengi hudhani ya kuwa kundi la kuku ni fujo tupu. Sivyo. Mtu mmoja wa Norway, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyependa kuwatazama kuku tangu utoto wake, alitoa maandiko yake mwaka 1922, akaonyesha ya kuwa kuku wana daraja kama watu wa baraza. Yuko mmoja awezaye kuwadonoa wote, wala hapana amdonoaye. Wa pili huwadonoa wote ila yule wa kwanza. Huendelea hivyo hata mwisho, ambapo yuko maskini mmoja adonolewaye na kila mwenziwe, naye hana wa kumdonoa. Majogoo wana daraja zao, na majike zao. Tena mara nyingine daraja huzunguka kwa namna ya kuchekesha: mwekundu humshinda mweupe, mweupe humshinda wa madoadoa, na wa madoadoa humshinda mwekundu!

Basi kuku wawili wasiojuana wakikutana hupigana, na mara nyingi vita ni vifupi. Aliyeshindwa huinamisha kichwa akakimbia, na kwa kukimbia amekwisha kukiri ya kuwa mwenziwe ni mkubwa. Baada ya hapo hawana haja ya kupigana kila siku. Mkubwa akimtazama tu, mdogo hupisha. Hutambuana kwa sura, zaidi kwa kichwa na upanga wake mwekundu. Kuku akiondolewa kundini majuma kadhaa kisha akarudishwa, aweza kupokewa kama mgeni kabisa. Sasa msomaji ataelewa kosa letu. Tembe mweusi alikuwa na jibu moja tu la kuwapa wenyeji wake, nalo ni kukimbia, nasi tulimnyima jibu hilo kwa kamba. Tena kuku wakiona damu hudonoa pale pale penye jeraha, hata mnyonge kuliko wote hujitia ushujaa.

Yule kishingo alipona. Tulimtia katika tenga, tukamweka nyuma ya nyumba, mbali na wenziwe, muda wa majuma mawili. Jambo hili msilidharau, kwani kuku atokaye gulioni aweza kuonekana mzima, kumbe amechukua kideri, akakuulia kuku wote. Majuma mawili yalipokwisha, tenga tulilihamishia uani ili waonane wasiweze kugusana. Siku ya tano, giza lilipoingia, tulimtoa tukamweka juu ya kichaga pamoja na wengine, na alfajiri tulikuwapo kutazama, maana usiku haumalizi ugomvi, huuahirisha tu. Alidonolewa, akakimbia, akadonolewa tena, akakimbia. Jioni mambo yalikuwa yametulia, naye amekuwa wa mwisho.

Hatukujua ya kuwa kuwa wa mwisho ni jambo zito hivyo. Miezi ilipita, tembe wetu asitage hata yai moja. Tulisema ni tasa, tukaazimia kumchinja sikukuu ikifika. Ni mama watoto tena aliyetwambia tukae tuwatazame wakila. Mtama wote tulikuwa tukiumwaga mahali pamoja. Mtetea wetu mkubwa, jike la kuchi lenye shingo ndefu na roho mbaya, alisimama katikati, na kishingo hakuthubutu kukaribia mpaka yamebaki maganda. Atagaje asiyekula? Tukaanza kuutawanya mtama mahali patatu mbalimbali, na chungu cha pili cha maji tukakiweka nyuma ya ghala, ambapo yule wa kuchi hawezi kuona pande zote kwa mara moja. Hazikupita siku nyingi upanga wake ukawa mwekundu, kisha akataga.

Habari za jogoo ni nyingine, nasi twazigusa kwa ufupi. Jogoo apatapo chakula kizuri huwaita majike kwa sauti yake maalumu, na akiona mwewe angani hutoa mlio usio sawa na ule wa kuonya juu ya adui atembeaye chini. Hata kuwika kuna daraja: wataalamu wa Japani walionyesha mwaka 2015 ya kuwa alfajiri huanza kuwika jogoo mkubwa, na wengine humfuata kwa kadiri ya vyeo vyao, akiondolewa, wa pili hushika nafasi yake. Waliosema "Jogoo la shamba haliwiki mjini" walikuwa wamesikiliza vizuri.

Kishingo aliatamia mayai kumi na moja, na siku ya 21 akatotoa vifaranga wanane. Siku alipowatoa nje mara ya kwanza, yule wa kuchi alikuja kwa desturi yake ya kumfukuza. Kishingo alitutumua manyoya, akamrukia usoni, na mkubwa akakimbilia chini ya ghala! Muda wote wa kulea hapakuwa na kuku aliyemsogelea. Mwewe alichukua vifaranga wawili, sita wakakua. Walipokwisha kumwacha mama yao, alirudi mahali pake pa mwisho, naye hunywa maji yake katika chungu cha nyuma ya ghala.