Sanduku la Sauti Likipokea Simu, Nani Analipa?

Umempigia mtu, hakushika, kisha ukasikia sauti ya rekodi ikikuambia uache ujumbe baada ya mlio. Ukakata bila kusema hata neno moja. Ukiangalia salio, kredo imepungua. Kwani imeenda wapi?

Sisi ni kampuni ya malipo, kwa hivyo si sisi tunaokata kredo yako ya kupiga simu. Lakini wengi wenu mnanunua kredo kupitia kwetu, na shilingi ikishatoka kwenye akaunti yako ni haki yako kujua inaishia wapi. Leo tuongee kuhusu voisimeli, yaani sanduku la sauti linalopokea simu kwa niaba ya mtu asiyepatikana. Ukiondoka na jambo moja tu hapa, liwe hili: simu iliyopokewa na mashine ni simu iliyopokewa.

Mita inaanza lini?

Mtandao hauanzi kukutoza unapobonyeza nambari wala simu inapoita. Unaanza pale upande wa pili unapopokea. Ndiyo maana kuflashi ni bure: simu imeita, haijapokewa.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya sauti mbili. Ya kwanza ni ile ya "mteja". Wakenya tumeigeuza kuwa msemo kabisa: "Nilimpigia nikapata mteja." Hilo ni tangazo la mtandao tu. Hakuna aliyepokea, kwa hivyo hulipi. Ya pili ni ile inayokukaribisha uache ujumbe. Hiyo ni mashine iliyopokea simu yako, na kwa kawaida unatozwa kama vile umeongea na mwenyewe.

Utazitofautisha vipi? Angalia kioo cha simu. Ikiwa bado kinaonyesha kwamba simu inaita, hujaanza kulipa. Saa ikianza kuhesabu 00:01, 00:02, mita imeanza. Kusubiri ule mlio ndipo ukate hakusaidii, kwa sababu maelezo yote yaliyotangulia umeshayalipia.

Mwenye sanduku naye hajaepuka. Kuna mitandao inayomtoza anapopiga kusikiliza ujumbe wake. Basi ujumbe mmoja wa "nipigie ukipata hii" unaweza kulipiwa mara mbili: na aliyeuacha, na aliyeusikiliza.

Tufanye hesabu kidogo

Tuchukue mfano rahisi: kupiga simu ni shilingi 4 kwa dakika. Ukikaa sekunde 15 ukisikiliza rekodi halafu ukate:

- Ukitozwa kwa sekunde, umelipa shilingi 1.
- Ukitozwa kwa dakika nzima, umelipa shilingi 4.

Ndiyo maana namna ya kutoza ni muhimu kama bei yenyewe. Safaricom ilipoingia sokoni mwaka 2000 ilikuja na kutoza kwa sekunde, na mtu wa kipato kidogo akaweza kupiga simu fupi bila kulipia dakika ambayo hakuitumia.

Shilingi moja inaonekana si kitu. Sasa mfikirie fundi au mwenye duka anayepigia wateja siku nzima. Akikutana na sanduku la sauti mara 10 kwa siku, ni shilingi 10. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 260. Akitozwa kwa dakika nzima, ni shilingi 1,040. Hiyo ni pesa ya unga, na hakuna aliyemsikia. Kama kredo yenyewe ni ya Okoa Jahazi, ambapo ukikopa shilingi 100 unapata 90 mkononi, kila sekunde iliyopotea ina riba juu yake. Na kama una bando la dakika usidhani umeepuka. Dakika hizo nazo zinapungua.

Hata Marekani walilalamika

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, anayepiga na anayepokea wote walizoea kukatwa dakika kwenye vifurushi vyao. Julai 2009, mwandishi wa teknolojia wa New York Times, David Pogue, aliwashawishi wasomaji wake wazilalamikie kampuni za simu. Hoja yake ilikuwa kwamba maelezo ya takriban sekunde 15 kabla ya mlio yalikuwa yanakula dakika za watu bure, maana kila mtu tayari anajua jinsi ya kuacha ujumbe. Alikadiria kwamba kwa wateja milioni 70 wa Verizon, sekunde hizo zingeweza kuingiza takriban dola milioni 620 kwa mwaka. Sekunde chache za mtu mmoja ni kitu kidogo, lakini za watu wengi ni biashara kubwa.

Simu ikielekezwa kwingine, kila safari ina mlipaji

Simu haifiki kwenye sanduku la sauti kwa bahati. Laini yako imeagizwa: asiposhika, akiwa kwenye simu nyingine, au asipopatikana, peleka simu mahali fulani. Agizo hilo linaweza kuelekeza kwenye sanduku la sauti au kwenye nambari yoyote nyingine.

Sheria ya kawaida ni hii. Achieng' akimpigia Kamau, na Kamau ameelekeza simu zake kwa Halima, Achieng' analipia safari ya kwanza, yaani kutoka kwake hadi kwa Kamau. Safari ya pili, kutoka kwa Kamau hadi kwa Halima, inamhusu Kamau, hata kama simu yake iko mfukoni na hakuigusa. Kama kredo yako inapungua na hujapiga simu, hapa ni mahali pazuri pa kuanza kuangalia.

Mambo huwa ghali zaidi ukisafiri. Wengi wetu tukienda Dubai kwa biashara tunaacha laini ya nyumbani ikiwa hewani ili tupate meseji za pesa. Mtu akikupigia ukiwa huko na usishike, simu inaweza kusafiri kutoka Kenya hadi Dubai, halafu ikarudishwa Kenya kwenye sanduku lako la sauti. Unaweza kutozwa kwa kupokea simu ukiwa nje ya nchi, kisha ukatozwa tena kwa simu ya kimataifa ya kurudi nyumbani, na hujasema hata "halo". Umoja wa Ulaya uliliona hili, na kuanzia Julai 1, 2010 ukapiga marufuku kumtoza msafiri kwa kuachiwa ujumbe wa sauti akiwa katika nchi nyingine ya umoja huo.

Si kredo tu: walaghai nao wanaijua njia hii

Hapa tunaomba usome polepole. Tapeli anaweza kukupigia akijifanya mhudumu wa mtandao na kukuambia ubonyeze \*\*21\* au \*21\*, kisha nambari fulani ya simu, kisha #. Ukifanya hivyo, simu zako zote zinaenda kwake. Anaomba namba ya kuthibitisha akaunti yako ya WhatsApp isomwe kwa njia ya simu, anaipokea yeye, na dakika chache baadaye marafiki zako wanapata ujumbe: "Nitumie elfu mbili, nitakurudishia jioni." Wanatuma, kwa sababu ni jina lako.

Sanduku la sauti lenye namba ya siri rahisi lina hatari hiyo hiyo. Uingereza, watu waliofanyia kazi gazeti la News of the World walisikiliza ujumbe wa sauti wa watu wengine, mara nyingi kwa kutumia namba za siri ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha. Gazeti hilo lilifungwa Julai 2011.

Fanya hivi leo

1. Kagua laini yako. Bonyeza \*#21# kuona kama simu zako zote zinaelekezwa kwingine. Kisha \*#61# (usiposhika), \*#62# (usipopatikana) na \*#67# (ukiwa kwenye simu nyingine). Ukiwa na laini mbili, kagua kila moja.
2. Ukiona nambari usiyoijua, usipanike. Inaweza kuwa ya sanduku la sauti la mtandao wako. Waulize huduma kwa wateja wa mtandao huo.
3. Futa usiyoyahitaji. ##002# huondoa maagizo yote ya kuelekeza simu. Fanya hivyo kabla ya kupanda ndege.
4. Kama unatumia sanduku la sauti, badilisha namba ya siri. Isiwe 0000, 1234, mwaka wako wa kuzaliwa, wala PIN ya pesa zako.
5. Saa ikianza kuhesabu na ni rekodi, kata mara moja. Tuma meseji fupi, au ile ya bure ya kuomba upigiwe.
6. Usibonyeze msimbo wowote unaosomewa na mtu kwenye simu. Hata akijua jina lako lote. Hata akisema anatoka kwetu.

Hatua ya kwanza inachukua kama dakika mbili. Mfanyie pia mzazi wako au yeyote nyumbani ambaye huwa anasema "kredo yangu inaliwa", kwa sababu mara nyingi wao ndio hawajui laini yao imeagizwa nini.

Na kama umeshabonyeza msimbo wa tapeli, futa kwa ##002# sasa hivi, wajulishe watu wako wasitume pesa, kisha piga ripoti kwa mtandao wako na kwetu. Sisi hatutakuuliza PIN yako, leo wala kesho.