Dondoo muhimu: Sitiari yenye mashiko

Mwandishi anayeishi Themi, Arusha, hahitaji kwenda mbali kutafuta sitiari. Mto Themi unateremka kutoka miteremko ya Meru na kukatiza jiji. Aanze na kitu anachokijua hivyo, kwa kukiona na kukisikia.

Kisha atulie na picha moja. Mwaka 1959 Julius Nyerere alizungumzia mwenge juu ya Kilimanjaro, wenye kumulika hadi nje ya mipaka na kuleta matumaini. Kila alichoahidi kilitoka kwenye mwanga uleule, ndiyo maana hotuba ile haikusahaulika. Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, mwenge halisi ulipandishwa mlimani. Vivyo hivyo katika makala: uchumi ulioitwa mbegu mwanzoni mwa aya usigeuke gari mwishoni mwake. Kosa hili la kubadili picha huua makala nzuri kila wiki!

Sitiari ndefu inawezekana pia: Shaaban Robert aliibeba riwaya nzima ya Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, juu ya nchi iliyo angani.

“Moyo wa jiwe” na wenzake waliochakaa waachwe. Mwandishi aisome sentensi bila sitiari. Ikibaki na maana na nguvu ileile, aifute sitiari hiyo.